Jozi ya Mwisho ya Birago

Birago alikuwa na hasira za zamani na hasira mpya, na zote alizitunza vizuri. Ile kongwe kuliko zote ilitokana na swali aliloulizwa karibu kila siku pale kibandani kwake Asafo, mjini Kumasi. Mtu anakuja na redio kwapani, anamkuta ameshika chuma cha kulehemu, moshi wa risasi iliyoyeyuka unampanda usoni, nyaya zimemzunguka shingoni, halafu anauliza, "Fundi yuko wapi?"

Mwanzoni alijibu kwa upole kwamba fundi ni yeye. Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa mke wa fundi. Katekista mmoja alikaa kwenye benchi saa mbili nzima akimsubiri fundi arudi, huku Birago akitengeneza redio ya mtu mwingine mbele ya macho yake. Akaimaliza, akaijaribu, ikaimba, na katekista akatikisa kichwa kuufuata muziki. Kisha akasimama, akaaga, akasema atapita tena kesho, huenda fundi atakuwepo. Tangu siku ile upole ulimwisha Birago. Aliyeuliza fundi yuko wapi alijibiwa kwamba amekufa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ujuzi wake hakuuokota njiani. Miaka kumi na minne alifanya kazi Tema, kwenye kiwanda cha kuunganisha redio, katika safu ndefu ya wanawake wenye makoti ya buluu. Walimpa kazi ya kupima valvu, zile chupa ndogo za kioo zenye nyuzi ndani yake, zinazowaka rangi ya chungwa na kuikuza sauti. Valvu mbili zikitoka katoni moja hazifanani tabia. Moja inavuta umeme mwingi, nyingine kidogo, na ukizifunga pamoja moja itabeba mzigo wa mwenzake mpaka iungue. Birago alizipima kwa mamia, akaziozesha zilizolingana, na kila jozi akaitia nukta ya rangi ya kucha chini ya kitako. Mabwana wa kiwanda walijua kwamba ndoa zilizofungwa na Birago hazivunjiki. Hawakuwahi kumpandisha cheo kwa ajili hiyo, lakini walijua.

Kiwanda kilipokosa vipuri na kufungwa, wafanyakazi waliambiwa wachukue haki yao kwa bidhaa. Watu wakagombea redio nzima, spika, hata viti vya ofisi. Birago akabeba katoni tatu za valvu. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamuuliza kama atazipika na mboga ya kontomire. Miaka minne baadaye hapakuwa na valvu ya kununua kuanzia pwani hadi Tamale, na wapiga gitaa walitoka Sunyani na Obuasi kuja kuulizia kibanda cha yule mwanamke. Waliokuwa wakicheka wakaacha, lakini hakuna hata mmoja aliyerudi kuomba radhi. Watu ni hodari wa kucheka hadharani, na hodari zaidi wa kusahau faraghani.

Kufikia mwaka wa themanini na mbili, katika zile valvu kubwa za amplifaya ya gitaa alikuwa amebakiwa na jozi mbili tu.

Jumanne moja Dapaah alimletea amplifaya kwenye mkokoteni. Dapaah alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Mzee Gyebi, mfanyabiashara wa mbao. Nasema bendi ya Mzee Gyebi kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu: gitaa ni la mwenye bendi, ngoma ni za mwenye bendi, amplifaya ni yake, hata mkanda wa gitaa ni wake. Mpiga gitaa huja na vidole vyake tu, na siku akigombana na mwenye vyombo huondoka navyo hivyo hivyo.

Dapaah alieleza kwamba amplifaya inaguguma kama tumbo la mwenye njaa, halafu inazimika. Alikuwa na haraka. Mama mzazi wa Mzee Gyebi alikuwa amefariki tangu miezi miwili iliyopita, akahifadhiwa mpaka jamaa wote wafike, na mazishi yake yalikuwa Jumamosi hiyo, Bantama. Bendi ingepiga mchana, maana mwaka ule, kwa amri ya serikali, mtu hakuruhusiwa kuonekana nje usiku na hata huzuni ilibidi iishe kabla jua halijazama.

Birago alichomoa waya wa ukutani, akauondoa umeme uliojificha ndani, kisha akaingiza mkono mmoja tu huku mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile: umeme ukikukamata mkono mmoja utapiga kelele, ukikukamata yote miwili watapiga kelele wenzako. Akaona valvu moja imeungua, ina doa jeusi ubavuni. Ya pili ilikuwa imechoka, lakini bado inapumua.

Mzee Gyebi alifika mwenyewe jioni kukagua. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuamuru magogo.

"Mama Birago, nasikia unataka kuniuzia mbili. Iliyokufa si moja?"

"Moja imekufa, mzee. Nyingine inaumwa."

"Inayoumwa bado ni hai. Weka moja."

"Mzee, ukinunua ndala, dukani wanakuuzia mguu mmoja?"

Dapaah alicheka, kisha akakumbuka vyombo ni vya nani, akakohoa. Birago alieleza bila kukunja uso. Ukimfunga ng'ombe kijana na ng'ombe mzee kwenye jembe moja, kijana atavuta peke yake mpaka aanguke, na Jumamosi mbele ya waombolezaji si mahali pa kuangukia. Mzee Gyebi alinung'unika kwamba wanawake wanajua sana kuuza viwili mahali pa kimoja, lakini akakubali.

Birago akafungua katoni, akatoa jozi yenye nukta nyekundu. Akazishika kwa kitambaa, akazilinganisha na matundu yake, akazishusha wima bila kuzitikisa. Akawasha, akapima, akazungusha skrubu ndogo nyuma kidogo kidogo mpaka zote mbili zikavuta sawa. Akagongagonga kila kioo kwa kitako cha penseli kusikiliza kama kuna kinacholia. Akaiacha iwake mchana kutwa wa Jumatano. Alhamisi akamwita Dapaah apige. Gitaa likatoka safi, tamu, mpaka muuza madonge ya kenkey wa ng'ambo ya barabara akaacha wateja akasimama kusikiliza.

"Nisikilizeni vizuri," Birago aliwaambia Dapaah na Mzee Gyebi walipokuja kuichukua. "Ubao wa nyuma nimeufunga, usifunguliwe. Juu pana matundu ya kutolea joto. Pasiwekwe chupa, pasiwekwe glasi, hata kitambaa. Hivi vioo vikiwa moto haviwezi kugusana na kitu cha baridi. Mnanielewa?"

Walisema wanaelewa. Mzee Gyebi alisema anaelewa mara mbili.

Jumamosi Birago alivaa kitambaa chake cheusi na chekundu akaenda Bantama. Nani asiyekwenda mazishini? Uani kwa ukoo wa Gyebi palikuwa pamejaa, viti hadi barabarani, watu si chini ya elfu moja. Akapewa kiti upande wa wanawake. Alipotupa macho kwenye jukwaa la bendi, aliinuka palepale. Amplifaya ilikuwa imegeuzwa, mgongo umeelekezwa kwa watu, na ubao wa nyuma umefunguliwa. Valvu zilikuwa zinawaka waziwazi kama macho ya paka, na watu wanazinyooshea vidole. Mzee Gyebi alitaka waombolezaji waone kwamba katika nchi isiyo na valvu, yeye anazo.

Birago alikuwa bado anatafuta njia ya kupita katikati ya viti Mzee Gyebi aliposimama na chupa ya kijani, ile pombe kali isiyokosekana penye tambiko. Wanaume wakateremsha vitambaa mabegani, wakavua ndala. Uwanja ukanyamaza. Mzee akaanza kuwaita wahenga kwa majina, akamwita na mama yake ajongee anywe, na kila alipotaja jina akamwaga tone ardhini. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini kwetu kitu kipya nacho hunyweshwa. Lori jipya humwagiwa pombe kwenye bampa, ngoma mpya humwagiwa ubavuni, ili wahenga wakijue na wakilinde. Na Mzee Gyebi alishajiambia moyoni kwamba amplifaya ile, kwa vile ina valvu mpya, ni ngoma mpya. Akaigeukia. Akasema, "Mama, hii ndiyo ngoma yetu ya kisasa. Iwe na sauti mpaka huko uliko." Akainua chupa.

Birago aliona. Kinywa chake kilikuwa kimefunguka tayari. Lakini mtu anapozungumza na wafu hakatizwi, na mwanamke ndiye hakatizi kabisa. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na malezi yale yalimzuia kwa muda wa pumzi mbili. Pumzi mbili zilitosha. Pombe ilimwagika juu ya matundu, tena si tone, maana mzee alikuwa akijionyesha. Ikasikika sauti ndogo, "ta," kisha mlio kama wa chuma cha moto kinapotumbukizwa majini. Uzi mweupe wa moshi ukapanda. Dapaah, ambaye alishaambiwa aanze mara tambiko likiisha, akapiga nyuzi. Amplifaya ikanguruma mara moja, ikanyamaza.

Watu elfu moja na mama wa watu yumo ndani ya jeneza, na kimya. Mtu wa nyuma akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza Birago. Mzee Gyebi angeweza kustahimili hasara, lakini hakuweza kustahimili kuchekwa. Alizungusha macho, akamwona Birago amesimama katikati ya viti, akamnyooshea chupa ileile.

"Ni huyu!" alisema kwa sauti ya kuamuru magogo. "Nilijua. Tangu lini mwanamke akashika ngoma? Babu zetu walikataza mwanamke kugusa ngoma kubwa, nasi tukajifanya werevu. Ameingiza mikono yake michafu humo ndani, tazameni alivyoaibisha maiti ya mama yangu."

Kila mtu pale alijua ana maana gani. Kuna siku za mwezi ambazo mwanamke hasogelei ngoma za mfalme, na mzee yule alikuwa amezitangaza siku za mtu mzima mbele ya kadamnasi, za mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye mambo hayo yalishamwacha zamani. Birago alihisi kama amevuliwa nguo. Alimtazama Dapaah. Dapaah alikuwa ameshuhudia kazi, amesikia onyo, ameiona pombe ikimwagika hatua mbili kutoka alipo. Dapaah alikuwa anatazama viatu vyake. Basi na vile viatu navyo vilikuwa vya mwenye bendi, nadhani.

Birago alitembea mpaka jukwaani, akaizima amplifaya, akachomoa kwa kitambaa valvu iliyopasuka, akaifunga pembeni ya nguo yake ya msiba, akaondoka. Watu walimpisha njia, na hilo la kumpisha lilimuuma kuliko yote, maana walijivuta wasiguswe.

Jumatatu watu walianza kuchukua redio zao. Hawakugombana naye. Walikuja na visingizio: huyu anasafiri, yule ameamua kuipumzisha redio. Mke wa mchungaji alichukua ya kanisa ikiwa bado imefunguliwa, skrubu ndani ya bahasha. Mafundi wanaume wa mstari ule walimpa pole kwa nyuso za watu waliokula kuku. Mmoja alimwambia kwamba wao walishamwonya, kazi hii ina wenyewe. Ilipofika Jumatano rafu ya Birago ilikuwa na redio moja tu, nayo ni yake. Miaka minne ya kujenga jina, na sentensi chache za mtu mwenye hasira zimelibomoa. Kama angelala kimya, mwaka huohuo angekuwa anauza nyanya.

Hakulala kimya. Alijilaumu usiku mmoja kwa zile pumzi mbili alizozimeza, kisha akaona kujilaumu ni kumsaidia Gyebi kazi. Alhamisi asubuhi akaoga, akavaa, akaenda kwa Foriwaa.

Foriwaa alikuwa dada mkubwa wa Mzee Gyebi na mama wa ukoo wao, na mama wa ukoo haogopi mbao wala mwenye mbao. Birago akaweka shauri lake kwa taratibu zote. Mchana huohuo wakakaa sebuleni watu saba: Foriwaa, mkuu wa ukoo, wazee watatu, Mzee Gyebi na Birago.

Mkuu wa ukoo akamwambia Birago aseme. Birago akafungua kitambaa, akaweka mezani ile valvu iliyopasuka, na pembeni yake ile iliyoungua ambayo yeye mwenyewe aliitoa siku ya kwanza.

"Wazee wangu, tazameni kileleni mwa hii iliyoungua. Mnaona rangi gani?"

Waliinama wote. Mmoja akasema ni fedha, kama kioo cha kujitazamia. Birago akaeleza kwamba ndani ya valvu hamna hewa hata chembe, na ile rangi ya fedha huwekwa kiwandani kuilinda. Valvu ikifa kwa uzee au kwa kuungua, fedha hubaki palepale. Kisha akawaambia watazame ile iliyopasuka. Kilele chake kilikuwa cheupe kabisa, kama maziwa.

"Hewa ikiingia, fedha inageuka nyeupe. Hii haikufa kwa ugonjwa. Ilipasuliwa kioo ikiwa hai."

Mzee Gyebi alisema huo ni ujanja wa fundi, nani ajuaye kama haikuwa nyeupe tangu zamani. Birago akachukua koleo, akaishika ile valvu iliyoungua mbele ya macho yao, akavunja ncha yake ndogo. Hewa ikaingia kwa mluzi mwembamba. Ile fedha ikaanza kufifia ukingoni, ikapauka, ikawa nyeupe wazee wakiitazama, na mmoja wao akajivuta nyuma kwenye kiti.

Foriwaa alimgeukia ndugu yake. "Gyebi, nani alimwagia pombe kitu cha moto siku ya mama?"

Gyebi alitazama dari. Mwishowe akasema basi, huenda ni mkono wake, ilikuwa bahati mbaya, yeye si mtu wa kinyongo. Atatoa kondoo na mayai kama desturi inavyotaka, mambo yaishe. Wazee wakashusha pumzi, wakaanza kuvuta viti. Walidhani imekwisha.

"Kondoo simtaki," alisema Birago.

Mkuu wa ukoo akamkumbusha kwa upole kwamba mtu akiomba radhi na kutoa kondoo, kukataa ni kiburi. Hapo Birago alishindwa kuizuia sauti yake.

"Mzee wangu, nisamehe. Alinitukana mbele ya watu elfu moja, na hapa tuko saba. Kondoo nitamla nyumbani, nani atasikia? Matope amenipaka sokoni, halafu anataka kuniosha uvunguni. Kama mikono yangu si michafu, akaseme palepale aliposemea, na kwa sauti ileile."

"Haiwezekani," alisema Gyebi. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Jumamosi watu watakuja kwenye shukrani za msiba, sawa. Lakini ua ule ni mkubwa na koo langu limekauka kwa msiba. Bila amplifaya nani atanisikia? Na amplifaya imekufa."

"Itazungumza," alisema Birago.

Ilibaki jozi moja, yenye nukta ya kijani. Aliipima mara ya mwisho akiwa Tema na hakuwahi kuona nyingine zilizolingana namna ile. Alikuwa akiiweka kama wengine wanavyoweka dhahabu. Watu wangesema ni upumbavu kuitia ndani ya chombo cha mtu aliyekuvunjia heshima. Birago naye aliwaza hivyo, njia nzima ya kurudi Asafo, na akazidi kukasirika, maana aliona hata kusafishwa jina alilochafuliwa na mwingine lazima agharimie yeye.

Jumamosi alifika Bantama mapema na mfuko wake wa kazi. Mzee Gyebi alijaribu tena kumwambia kwamba iliyopasuka ni moja tu, aweke moja. Birago alimtazama mpaka akaondoka. Akafanya kazi uani, mchana kweupe, mkono mmoja mgongoni, na watu waliowahi viti wakamzunguka kutazama. Safari hii hakuna aliyeuliza fundi. Alipomaliza aliufunga ubao wa nyuma kwa skrubu zote, akachomeka maikrofoni, akavuta kiti akaketi kando ya vifundo vya sauti.

Watu walijaa kama wiki iliyopita, habari zilishaenea. Foriwaa alisimama, akasema ndugu yake ana neno. Mzee Gyebi akashika maikrofoni kama mtu aliyepewa nyoka. Akasema haraka, kidevuni, kwamba yaliyotokea yalitokea, na kama kuna mtu aliudhika, pole zake.

Birago alizungusha kifundo. Spika ikapumua.

"Mzee, rudia," alisema. "Wale wa nyuma hawajasikia. Na utaje nani, kafanya nini."

Mtu mmoja akaguna. Gyebi alimtazama dada yake. Foriwaa hakupepesa.

"Mimi Gyebi," sauti ikatoka, kubwa, ikagonga ukuta wa nyumba ya jirani na kurudi, "nilimwaga pombe juu ya chombo cha moto. Kikapasuka. Nilikuwa nimeonywa."

"Na la mikono."

Jasho lilimshuka mzee hadi kwenye kola, na sisemi kwamba sikufurahi kuliona.

"Mikono ya Mama Birago haikuharibu kitu. Nilisema uongo. Mikono yake ndiyo iliyotengeneza hiki mnachonisikia nacho."

Upande wa wanawake mtu akapiga kigelegele, kisha wengi. Birago hakutabasamu. Alihisi mabega yake yakishuka mahali pake, lakini hasira haikutoka. Ilisogea tu ikampa nafasi ya kukaa.

Foriwaa akamwendea, akainama sikioni mwake. Akamwambia kwamba marehemu hakumkosea kitu, naye alizikwa bila wimbo hata mmoja. Birago alifikiri kidogo. Akamwashiria Dapaah. Dapaah akapiga wimbo mmoja wa kuaga, polepole, akiwa ameinamisha kichwa, na jozi ile ikautoa kila uzi kama ulivyo, bila mkwaruzo. Wazee kwa vijana walilia. Birago mwenyewe alifuta macho kwa ncha ya nguo, kwani wimbo ulikuwa mzuri na mama wa watu alistahili.

Wimbo ulipokwisha, Dapaah akaanza kukaza nyuzi kwa ajili ya wa pili. Birago akabonyeza swichi. Akasubiri vioo vipoe, akafungua skrubu moja moja bila haraka, akachomoa valvu ya kwanza, kisha ya pili, akazifunga kwenye kitambaa.

Mzee Gyebi alikuja mbio. Alisema atalipa, aseme bei yoyote.

"Haziuzwi."

"Mama Birago, nimeomba radhi. Dunia nzima imesikia."

"Nami nimepokea, mzee. Yameisha."

"Sasa watu wote hawa? Bendi yangu itapiga na nini?"

Birago alimtazama yeye, akamtazama Dapaah aliyekuwa amerudi kuangalia viatu vyake, akaweka mfuko wa kazi begani.

"Pigeni na midomo," alisema. "Wiki iliyopita mdomo wa mzee peke yake ulitosha."